Kibanda umiza cha nyuma ya soko Chikongola: jero ya skii imelipa

Nianze na bei maana najua ndo mnayouliza kwanza. Jero. Mpira mkubwa ni buku ila skii ni jero, na ukishaingia raundi ya kwanza huongezi hata mia ya raundi ya pili, hata kama raundi ya pili inaanza baada ya masaa matatu. Ndiyo, skii, ile ya kuteleza kwenye theluji, hapahapa Mtwara mjini, mtaa wa nyuma ya soko kuu Chikongola. Ukiuliza kibanda cha Fundi mtu yeyote atakuonesha, mlangoni kuna mama anauza korosho za kubangua na maji ya baridi.

Mi natokea Mikindani, nakuja na daladala na mdogo wangu wa kiume, na nimeshaenda mara tisa kuanzia Desemba mpaka jana, kwahiyo hii siandiki kwa kusikia. Na niseme mapema kwa wanawake wenzangu maana hilo linazuia wengi kuingia vibanda vya hivi: nimekaa pale usiku, sijawahi kuguswa wala kutolewa lugha chafu. Fundi hataki, kuna kijana mmoja alimtoa nje mbele ya watu wote na hela yake akamrudishia.

Sasa kwanini skii. Fundi kabla ya kibanda alikuwa fundi baiskeli, na bado anatengeneza, banda la baiskeli limeshikana na kibanda ukuta kwa ukuta. Anasema miaka ya nyuma aliona kipande cha video mtu anateremka mlima kwa mguu mmoja akajiuliza moja kwa moja, hapa kimevunjika nini? Wenzake walikuwa wanashangilia mtu, yeye anauliza kifaa. Tangu siku hiyo anafuatilia, na zile mbio za zamani anazo kwenye flashi, anaweka kabla ya mbio za laivu kuanza, anasimamisha picha, anarudisha nyuma, anaeleza. Mtangazaji anaongea kizungu sauti imepunguzwa, Fundi ndo mtangazaji wetu. Hiki ndo kitu kinachonitoa Mikindani, TV kubwa mbona hata kwa jirani ipo.

Huyo wa mguu mmoja ni Mmarekani Bode Miller, mashindano ya dunia ya 2005 kule Bormio, Italia. Siku chache kabla alishachukua dhahabu ya supa-ji, mbio za kasi zenye kona pana. Halafu tarehe 3 Februari kwenye daunhili ya kombaini (daunhili ni mbio za kuteremka kwa kasi kuliko zote, kombaini wanajumlisha muda wa daunhili na wa slalomu, ile ya kona fupifupi kati ya vijiti), hajafika hata mbali toka juu, skii moja inachomoka inakwenda zake. Mtu yeyote angekaa chini. Yeye akaendelea na mguu mmoja zaidi ya dakika nzima, kona zilezile, mwinuko uleule, akaja kuanguka huku chini karibu na mwisho. Pale kibandani siku ya kwanza naiona watu walisimama kwenye mabenchi. Siku mbili baadae huyohuyo akashinda daunhili yenyewe, na mwaka ule akachukua ubingwa wa jumla wa Kombe la Dunia. Yani wiki moja dhahabu mbili na katikati yake skii imemkimbia, ni mtu yuleyule, mlima uleule.

Fundi akasimamisha picha hapo skii inapotoka akaeleza ile kamata inayoshika buti kwenye skii, wenyewe wanaita baindingi. Inafunguka yenyewe ikizidiwa nguvu, ili ukianguka mguu usinyongwe. Ukiilegeza inaweza kukutoka katikati ya kona kama ilivyomtoka Miller. Ukiikaza sana haitoki, na siku ukianguka skii inabaki mguuni inazunguka na goti lako. Kwahiyo kila asubuhi kuna mtu na bisibisi anaamua kati ya mbio na goti la mwenzake. Mdogo wangu akauliza, sasa kama kifaa kimeharibika si anarudia? Fundi akamwambia hapana mwanangu. Ukizuiwa njiani na kitu kisichokuhusu, mfano mwenzako kaanguka mbele yako na bado yuko njiani, hapo unaweza kuomba kurudia. Lakini skii yako ikikuangusha wewe, umeisha, panda gari nenda nyumbani. Pale kibandani pakawa kimya kidogo, nadhani kila mtu alikuwa anafikiria kitu chake.

Nilichojifunza zaidi ni habari ya nta. Mi baba yangu alikuwa mvuvi, nimekua naona dau linapinduliwa ufukweni linapakwa deheni, ule mchanganyiko wa shahamu na chokaa, ili ubao usiliwe na maji na chombo kiteleze. Na siku za mashindano ya ngalawa wazee walikuwa wanapaka usiku, hawataki mtu aone. Kumbe wale wazungu ni hivyohivyo! Skii chini inapakwa nta ya moto, inakwanguliwa, inapigwa brashi, na nta ya leo siyo ya kesho, inategemea theluji imekuwaje. Theluji ya baridi kali chembe zake ni kali kama mchanga, inataka nta ngumu. Theluji iliyolainika ina maji, inanyonya skii kama matope yanavyonyonya kandambili, hapo wanataka nta laini na pia wanachora vimifereji vidogo vidogo kwenye plastiki ya chini ili maji yapite. Halafu kingo za chuma pembeni, hizo zinanolewa kwa digrii maalum, maana kwenye mbio kubwa njia inamwagiwa maji mpaka inakuwa barafu, kingo butu haishiki kabisa. Ukipita juu ya jiwe moja tu kona inayofuata unaenda kwenye wavu.

Kila mtelezaji mkubwa ana fundi wake wa skii anayelala saa nane za usiku kwa kazi hiyo, na jina lake halitajwi kwenye TV. Fundi wetu huwa analisema hilo kila siku, na halisemi kwa kulalamika, anakuonesha tu mtu wa pembeni kwenye picha aliyebeba skii begani, "muangalieni huyu, huyu ndo mimi."

Hapo kwenye nta ndo kulitokea ubishi mkubwa kuliko wa Simba na Yanga. Msimu wa 2023/24 shirikisho la kimataifa la skii lilianza kukataza nta yenye florini. Ilikuwa inakimbia sana hiyo maana inasukuma maji, lakini kemikali zake hazitoki kwenye mazingira na ni hatari kwa wanaozipaka. Sasa mbio za kwanza kabisa za msimu, Sölden, Austria, Oktoba 2023, Mnorwei Ragnhild Mowinckel anamaliza wa sita kwenye slalomu kubwa, ile ya vijiti vilivyoachana zaidi, skii zinapimwa chini pale, kipimo kinaonesha florini, anaondolewa. Wa sita hana kitu. Kibanda kikagawanyika. Upande mmoja wanasema sheria ni sheria, upande mwingine wanasema yule dada hakushika brashi ya nta, anaadhibiwa kwa mkono wa mtu mwingine. Mi msimamo wangu nilisema palepale na naurudia hapa: kuondolewa ni sawa, kwa sababu wenzake walioteleza na nta halali na wao wana haki, ila kumuita mtu mwizi kwa kipimo cha skii peke yake siyo sawa. Mzee mmoja wa Ligula alinijibu, "mwanangu, kwenye korosho mzani ukiwa mbovu mkulima haulizwi nani kaharibu, anapunjwa tu." Nikakosa jibu. Bado nalifikiria.

Ila kama una jero moja tu katika maisha yako nenda siku anayoweka Ester Ledecká. Jamani. PyeongChang, Korea Kusini, Februari 2018, Olimpiki. Huyu ni binti wa Czech, anayejulikana zaidi kwa snoubodi, ile ya kuteleza miguu yote miwili juu ya ubao mmoja, kwenye supa-ji hakuna aliyemuweka hata kwenye kumi bora. Anatoka na namba 26. Wakubwa wote wameshashuka, Anna Veith wa Austria anaongoza, ndo bingwa mtetezi, watu wanampongeza, televisheni ya Marekani ishahamia mchezo mwingine kabisa. Ledecká anashuka, anavuka mstari, anasimama anaangalia ubao haelewi. Sekunde 0.01. Kamshinda bingwa kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, na miguuni alikuwa na skii zilizokuwa za Mikaela Shiffrin, yule Mmarekani bingwa wa slalomu, ambaye siku ile hakushiriki hizo mbio. Skii za kuazima! Wiki moja baadae akachukua na dhahabu ya snoubodi, hakuna aliyewahi kufanya hivyo kwenye Olimpiki moja kabla yake.

Fundi akachukua chaki, akasema kwenye spidi ya kilomita 90 kwa saa mtu anaenda mita 25 kila sekunde, sasa sehemu moja ya mia ya hiyo ni sentimita 25, akachora kwenye benchi. Shubiri moja na kidole. Mi nimeweka kiganja changu pale. Upana huo ndo ulitenganisha dhahabu na fedha baada ya kuteremka mlima mzima, sasa niambie skii aliyovaa haikuhusika? Na niambie kama zile skii zingebaki kabatini zimefungiwa, kwa sababu tu yule si mtu wa timu yetu, ingekuwaje?

Kuna na ile ya Sochi 2014, daunhili ya wanawake, Tina Maze wa Slovenia na Dominique Gisin wa Uswisi wote 1:41.57, sawasawa, hakuna shubiri wala ukucha. Ilikuwa mara ya kwanza dhahabu ya skii ya Olimpiki inagawanywa. Walipanda jukwaani wameshikana mikono. Nilipenda sana ile, hakuna aliyekuwa na sura ya kupunjwa.

Na watoto wa mtaani wanapenda Philip Boit, Mkenya, ingawa yake siyo skii ya mlimani, ni ile ya kukimbia masafa. Nagano 1998, kilomita 10, kamaliza wa mwisho kabisa, wa 92, mshindi Bjørn Dæhlie wa Norwei alishamaliza zamani, muda wa kupokea medali umefika, na jamaa bado kasimama pale kwenye mstari anamsubiri Boit afike, kamkumbatia. Boit akaja kumpa mwanae jina la Dæhlie. Na Fundi huwa anaongezea Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi, pwani kama sisi, akakulia Austria, akaiwakilisha Kenya kwenye skii ya mlimani hukohuko PyeongChang 2018. Akitaja Kilifi mdogo wangu huwa ananikanyaga mguu.

Haya sasa nije kwenye usiku uliofanya niandike hii.

Ilikuwa slalomu ya usiku, Schladming, Austria. Wanateleza raundi mbili, 30 bora wa raundi ya kwanza ndo wanarudi, na wanaanza kinyume, wa thelathini anaanza, anayeongoza anatoka mwisho, muda wote unajumlishwa. Raundi ya kwanza kwetu ni saa mbili kasorobo, ya pili saa tano kasorobo. Watu walikuwa wamejaa kama sitini hivi, wengine wanasimama mlangoni. Dakika chache kabla ya raundi ya pili umeme ukakata.

Fundi kakimbilia jenereta. Anavuta kamba, haiwaki. Anavuta, haiwaki. Akatoa plagi akaisafisha na msasa, akapuliza, akarudisha, ikakohoa ikazima. Mi nilikuwa karibu namuangalia mikono, fundi wa miaka yote hii, ile plagi imekufa na nyingine hana, maduka yamefungwa. Alikuja akasimama mbele kwenye giza, tochi ya simu imemulika chini, akasema, "Ndugu zangu, plagi imekufa na kosa ni langu, nilitakiwa niwe na ya akiba. Mbio zimeshaanza huko. Anayetaka hela yake aje achukue, hata kama raundi ya kwanza ameiona." Wawili watatu walienda wakachukua, hakuna aliyewanunia.

Sasa mtaa wa pili kuna kibanda kingine, na wale ni washindani kweli, wanagombania wateja wa mpira kila wikiendi. Yule bwana usiku ule jenereta yake ilikuwa inawaka, anaonesha mpira kwenye TV mbili. Kijana wa kwake alikuja kuchungulia kwanini kwetu giza, akarudi. Dakika chache yule bwana mwenyewe kaja na ekstensheni ndefu kaikunjua toka kwake, inapita juu ya ukuta wa choo, inapita juu ya banda la baiskeli. Jenereta yake haibebi TV tatu. Kwahiyo kazima moja ya kwake, kawaambia wateja wake wasogee wabanane kwenye moja. Kawazimia wateja wake kwa ajili ya wateja wetu! Fundi alimwita "kaka", akamwambia nitakupa nusu ya kiingilio, jamaa akasema, "Acha hiyo, kesho ukinunua plagi nunua mbili, moja yangu."

TV ilivyowaka tulikuta wanne au watano wameshashuka. Wa nyuma hao, wale wa ishirini na kitu, ila Fundi hakuificha, akasema tumekosa hawa, kesho naitafuta kwenye intaneti naiweka bure. Na kweli kesho yake aliiweka, mi nilikuja, tulikuwa kama kumi na tano. Plagi mbili zilikuwa zimening'inia msumarini, na jioni moja haikuwepo.

Hapo mimi nikaelewa kwanini yule mtu anaonesha skii na siyo kitu kingine. Nimeshawahi kukaa kibanda kingine, sikitaji, umeme ukakata dakika ya ishirini na mwenye kibanda akafunga mlango wa nyuma akaondoka na viingilio vyetu. Vifaa vitaharibika kwa kila mtu. Jenereta ya kijiweni na skii ya bingwa wa dunia zote zina siku zake. Mi ninachoangalia ni mtu anafanya nini dakika tano baada ya kuharibika, na jirani yake anafanya nini. Kwa hilo hawa wawili nawapa nyota zote, na yule wa mtaa wa pili ingawa skii haoneshi nimeanza kwenda kwake kwenye mpira, na Fundi anajua na hana neno.

Sasa mapungufu, maana nisipoyasema sitakuwa nimewatendea haki.

Joto. Bati tupu, feni mbili na moja inazunguka kwa kujivuta, mbio za mchana Januari hii unaloa mgongo mzima halafu unaangalia watu wa theluji. Mlango uko upande wa jua, kuanzia saa nane mchana mwanga unapiga kioo na njia nyeupe ya theluji haionekani vizuri kabisa, mtu anashuka unaona kivuli tu. Pazia zito la elfu kumi lingemaliza hilo, nimemwambia mara mbili. Ratiba haibandikwi, inabidi umpigie au upite, siku moja tumekuja toka Mikindani tukakuta mbio zimeahirishwa kwa sababu ya ukungu huko Uswisi, nauli imeenda, na hilo la ukungu siyo kosa lake ila ubao mlangoni ungesaidia. Choo kipo kimoja, ni safi, lakini taa hakina. Mabenchi ya nyuma hayana egemeo, wazee wanachoka. Na spika ya kushoto inakwaruza.

Huduma nyingine ni ya kawaida tu, sina la kusema sana, soda zipo za baridi, korosho za yule mama ni nzuri na bei ya kawaida, kuchaji simu mia mbili.

Kwa jumla nampa nne kati ya tano, hiyo moja ni pazia na ubao, akiweka nakuja kubadilisha hapahapa.

Kwa anayetaka kuanza, anza na Wengen ya Uswisi au Kitzbühel ya Austria, daunhili, huwa Januari. Wengen ndo ndefu kuliko zote, karibu kilomita nne na nusu, na 2013 Mfaransa Johan Clarey alipimwa pale anaenda kilomita 161.9 kwa saa, amevaa nguo nyembamba tu. Kitzbühel ni mita 3,312 na unaanza kwa kudondoka, siyo kuteremka. Muda bora wa njia nzima ni 1:51.58 wa Fritz Strobl toka 1997 na mpaka leo haujavunjwa. Huwa inaanza saa saba na nusu mchana kwa saa zetu, kwahiyo fika saa saba kamili, kaa upande wa kulia mbali na mlango ili jua lisikusumbue, na ukikuta Fundi ameshika flashi muombe aweke ya Ledecká kwanza, chaki bado ipo kwenye benchi la pili toka mbele.